NYUMBA YA KUPANGISHA MBALI NA KAZI: MFANYAKAZI APIME NINI KABLA YA KUNUNUA?



Mfanyakazi wa kiwandani na mchuma chai wa shambani wana swali moja linalowasumbua wote wawili: siku mkono utakapochoka, tutakula nini? Akiba ya uzeeni ipo. Tangu Januari 2025 mchango wa pensheni hapa Rwanda umepandishwa kutoka 6 hadi 12 kwa kila mia ya mshahara. Nusu anatoa mfanyakazi, nusu anatoa mwajiri. Ipo pia Ejo Heza, akiba ya muda mrefu iliyoanzishwa mwaka 2018, ambayo hata asiye na mshahara wa kila mwezi anaweza kujiunga nayo. Lakini mchuma chai anayelipwa kwa kilo anajua kwamba pensheni hutokana na mshahara, na mshahara mdogo huzaa pensheni ndogo. Tena aliyekaa miaka yote katika nyumba ya mwajiri huondoka siku kazi inapokwisha, naye hana hata mlango wa kufunga.

Ndiyo maana wengi wetu hufikiria kujenga milango miwili mitatu ya kupangisha. Hapa Gisenyi, hata hivyo, viwanja vya mjini vimetushinda. Basi macho huenda nje: Mahoko, Mukamira, Musanze, Karongi, au kilima alikozaliwa mtu. Huko wanasema bei ni nafuu. Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua mahali pa mbali bila kupoteza jasho la miaka kumi. Hatusemi kila mfanyakazi anunue. Tunasema kwamba anayenunua ajue anachonunua.

KWA NINI GISENYI NI GHALI

Mji wetu umebanwa. Upande mmoja ni Ziwa Kivu, upande wa pili ni mpaka wa Kongo, na nyuma yake vilima. Ardhi haiongezeki, lakini wanaoitaka huongezeka. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya 540,000 katika wilaya ya Rubavu. Ng'ambo ya mpaka kuna Goma, mji mkubwa kuliko wetu, na katika siku za amani makumi ya maelfu ya watu huvuka kwa miguu kila siku pale Petite Barrière. Anayeuza kiwanja Mbugangari au karibu na ziwa hauzi udongo peke yake. Anauza mpaka, hoteli na matumaini, na mnunuzi hulipia vyote.

Lakini mpaka unaotoa ndio unaonyang'anya. Machi 2020 ulifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na wachuuzi waliokuwa wakivuka kila asubuhi wakakaa nyumbani bila kipato. Juni 2022 upande wa Kongo ulianza kufunga saa tisa alasiri. Vita vilipofika Goma mwishoni mwa Januari 2025, makombora yalianguka hata upande wa Rubavu na kuua watu. Kila jambo la namna hii humgusa mpangaji kwanza, kisha humgusa mwenye nyumba. Pengine Goma ikitikisika wapangaji huongezeka huku kwetu kwa muda na pango hupanda ghafula. Halafu wanarudi kwao, na vyumba vinabaki vitupu.

Hapo pana sababu ya kutazama mbali ambayo ni kubwa kuliko bei. Mfanyakazi wa Rubavu tayari ana kazi yake Rubavu. Biashara ya mpakani ikilala, huenda kiwanda kikapunguza zamu. Kama na nyumba yake inategemea mpaka huohuo, mshahara na pango vitapungua siku moja. Mvuvi wa Kivu hapakii wavu, chakula na watoto wote katika mtumbwi mmoja wakati upepo umechafuka. Nyumba iliyo mahali panapoishi kwa biashara nyingine inaweza kuendelea kulipa wakati kazi imelala.

BEI NDOGO SI LAZIMA IWE FAIDA

Dalali, ambaye hapa kwetu huitwa komisioneri, hutaja bei ya kuuza na bei ya pango. Maneno yake huishia hapo. Sisi tupige hesabu mpaka mwisho. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu; kila mtu aweke zake mahali pake.

Tuchukue nyumba ya kwanza, mjini karibu na kazi. Gharama yake yote ni faranga 20,000,000, na pango ni 100,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 1,200,000, yaani 6 kwa kila mia iliyotumika. Nyumba ya pili iko kituo cha mbali. Imegharimu 8,000,000, na pango ni 60,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 720,000, yaani 9 kwa kila mia. Kwa mtazamo wa haraka ya pili imeishinda ya kwanza mbali sana.

Sasa tutoe kinacholiwa njiani. Nyumba ya mbali hukosa mpangaji miezi miwili: zinaondoka 120,000, zinabaki 600,000. Msimamizi analipwa 5,000 kwa mwezi: zinabaki 540,000. Matengenezo ya mwaka, tuseme pango la mwezi mmoja: zinabaki 480,000. Safari sita za kwenda kuitazama, 5,000 kila safari: zinabaki 450,000.

Inafuata kodi ya mapato ya pango. Sheria inaruhusu kutoa nusu ya mapato kwa ajili ya matunzo ya nyumba. Katika kinachobaki, faranga 180,000 za mwaka hazitozwi kitu. Kuanzia hapo hadi 1,000,000 hutozwa 20 kwa mia, na zaidi ya hapo 30 kwa mia. Nusu ya 600,000 ni 300,000. Toa 180,000, zinabaki 120,000. Kodi yake ni 24,000. Tuna 426,000. Tukitoa kodi ya ardhi na jengo, tuseme 26,000, mkononi tunabaki na 400,000. Hiyo ni 5 kwa kila mia, wala si 9.

Na ile ya mjini? Ikikosa mpangaji nusu mwezi, ikala 100,000 za matengenezo, 79,000 za kodi ya mapato na 71,000 za kodi ya ardhi na jengo, zinabaki 900,000. Ni 4 na nusu kwa kila mia. Mwenyewe anapita hapo kila jioni akitoka kazini, kwa hiyo hakuna nauli wala msimamizi.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, tofauti kubwa aliyotuonyesha dalali imepungua ikawa nusu ya moja tu. Pili, miezi mitupu ndiyo inayoamua. Nyumba yetu ya mbali ikikaa bure miezi minne badala ya miwili, zinabaki 292,000, ambazo hazifiki hata 4 kwa mia. Kwa hiyo ukifika mahali pageni usiulize tu, "Pango ni kiasi gani?" Uliza, "Mpangaji wa mwisho alipoondoka, mlango ulikaa siku ngapi?" Waulize majirani, maana anayeuza hatakuambia.

NANI ATAPANGA?

Mahali pazuri pa kupangisha ni mahali penye kazi za namna mbalimbali. Kituo kinachotegemea mwajiri mmoja, au shule moja, ni kama meza ya mguu mmoja.

Tutazame Huye. Kwa miaka mingi nyumba nyingi za pale zilijengwa kwa kutegemea wanafunzi wa chuo kikuu. Mwaka 2013 vyuo vya serikali viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda, na baadaye baadhi ya vitivo vikahamishwa kwenda Kigali na kwingineko. Wanafunzi walipopungua, wenye nyumba na wenye maduka walilia pamoja. Uamuzi ulifanywa mbali nao, na hakuna aliyewauliza. Tukaona tena Machi 2020, shule zote nchini zilipofungwa kwa Korona: aliyejenga kwa ajili ya wanafunzi peke yao hakuwa na wa kumdai.

Musanze ina miguu mingi zaidi. Iko kama kilometa 60 kutoka Gisenyi, kwenye barabara kuu ya Kigali. Ina hospitali, ina chuo cha INES-Ruhengeri, ina watalii wanaokwenda kuona sokwe wa milimani, na ina biashara kubwa ya viazi. Mguu mmoja ukivunjika mingine inasimama. Lakini sifa hizo wengine wamekwisha ziona, na bei ya viwanja vya katikati imepanda. Mfanyakazi wa kipato chetu hutazama pembeni mwa mji, na hapo inampasa kuuliza maji, umeme na njia, kwa maana mpangaji hatapanda kilima na ndoo kwa bei ileile ya mjini.

Mukamira ni ya namna nyingine. Ni kituo cha njia panda: barabara ya Rubavu na Musanze hukutana hapo na ile ya kwenda Kabaya na Ngororero. Wanaopanga ni madereva, wachuuzi wa viazi, walimu, wauguzi na wafanyakazi wa viwanda vya hapo. Mahoko nayo ina soko lake na magari hayakatiki. Vituo kama hivi pango lake ni dogo, lakini mtu akiondoka leo, kesho hupita mwingine.

Kisha kuna vituo vya chai. Sisi tunavijua kuliko dalali yeyote. Katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, majani hupungua, kilo hupungua, na mfuko wa mchumaji hupungua. Anayejenga karibu na shamba la chai ajue kwamba mpangaji wake atachelewa kulipa katika miezi hiyo, si kwa ubaya wa moyo bali kwa sababu mvua haikunyesha. Aingize jambo hilo katika hesabu tangu mwanzo.

Tahadhari nyingine ni juu ya mahali panaposifiwa kwa kitu ambacho bado hakijaanza kazi. Bugesera, ujenzi wa uwanja wa ndege ulioanza mwaka 2017 ulipandisha bei ya ardhi miaka mingi kabla ya ndege ya kwanza. Mwenye fedha nyingi anaweza kungoja. Mfanyakazi anayenunua kwa akiba ya mshahara hawezi kula matumaini. Anahitaji mpangaji wa mwezi ujao. Na hapa kwetu bandari ya Nyamyumba ilipofunguliwa mwaka 2024, wapo waliopandisha bei siku ileile. Nunua kwa pango linalolipwa leo. Likiongezeka baadaye, ni neema.

Wengine huuliza juu ya Goma yenyewe, kwa kuwa ni dakika chache kwa miguu. Sheria ya ardhi ya Kongo ya mwaka 1973 inasema udongo ni mali ya dola. Mkongomani anaweza kupewa haki ya kudumu, mgeni hupewa ya muda tu, isiyozidi miaka 25 kwa mara moja. Ukiongeza volkano na vita, hiyo si nafasi ya kuwekea akiba ya mchuma chai.

UDONGO WENYEWE UNASEMAJE?

Sisi wa Rubavu hatuhitaji kuambiwa kwamba ardhi inaweza kugeuka. Nyiragongo ililipuka mwaka 1977, ikalipuka tena Januari 2002 na kuchoma sehemu kubwa ya Goma, na tena tarehe 22 Mei 2021. Katika mlipuko huo wa 2021 lava haikuufikia mji wetu, lakini matetemeko yaliyofuata yalipasua ardhi na kubomoa nyumba nyingi za Gisenyi. Zilizoumia zaidi ni zile zilizokuwa juu ya mstari wa ufa. Ukiuziwa kiwanja kwa bei ya kushangaza, tazama kuta za majirani. Nyufa zilizozibwa kwa saruji mpya husimulia habari ambayo muuzaji hakuisema.

Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini, na watu zaidi ya 130 wakafa. Hapa wilayani mto Sebeya ulifurika na kuingia majumbani. Wengi wa waliopoteza nyumba ni watu wa kipato kama chetu, kwa sababu ardhi ya bondeni ndiyo iliyokuwa rahisi. Bei ndogo ya kiwanja kando ya mto maana yake ni hiyo. Kadhalika mteremko mkali: udongo wa milima yetu ukilowa huteleza, na nyumba ya chini huangukiwa na ya juu.

Kwa hiyo nenda kuona kiwanja wakati wa masika, mwezi Aprili, mvua inaponyesha. Kiangazi kila kiwanja ni kizuri. Muulize mzee wa hapo maji yalifika wapi mwaka 2023, na umwombe akuonyeshe alama ukutani.

HATI KWANZA, FEDHA BAADAYE

Kati ya mwaka 2009 na 2013 ardhi ya Rwanda iliandikishwa nchi nzima, viwanja zaidi ya milioni 10. Kila kiwanja kina namba yake, ile tunayoiita UPI. Tangu mwaka 2023 hati hutolewa kwa njia ya elektroniki, na unaweza kuipata kwa kutumia Irembo. Hivyo anayekuambia, "Hati iko kwa kaka yangu Kigali, utaiona baadaye," mwambie na fedha nazo utamletea baadaye.

Katika hati tazama mambo manne. La kwanza, jina: ni la anayeuza kweli? La pili, kama mume na mke wameandikwa wote, lazima wote wawili wakubali na kutia sahihi. Uuzaji wa mmoja kwa siri huvunjwa mahakamani, na mnunuzi hubaki akifukuza fedha zake. La tatu, je, kiwanja kimewekwa dhamana benki? La nne, matumizi: ardhi iliyopangiwa kilimo haijengwi nyumba, hata kama jirani kajenga. Mpango wa matumizi ya ardhi huulizwa katika ofisi ya ardhi ya sekta au wilaya. Kando ya ziwa, mita 50 kutoka majini ni eneo la kuhifadhiwa. Vinamasi ni mali ya serikali.

Mtego mkubwa wa viwanja vya mbali ni kununua kipande cha kiwanja cha mtu kwa karatasi ya mkono na mashahidi wawili. Karatasi hiyo haihamishi hati. Miaka mitano baadaye mwenye hati hufariki, watoto wake huja, nawe una nyumba juu ya ardhi yao. Malipo yafanyike mbele ya notari wa ardhi wa sekta, na mabadiliko ya jina yaanze siku hiyohiyo. Gharama ya kuhamisha hati ihesabiwe katika bei, isiwe jambo la kushtukiza.

Na kabla ya tofali la kwanza, upate kibali cha kujenga. Tofali za udongo, rukarakara, zimeruhusiwa katika sehemu fulani na kwa masharti. Usidhani kilichokubaliwa kilimani kwenu kitakubaliwa Musanze mjini. Nyumba isiyo na kibali ikibomolewa hakuna fidia.

Kuhusu kodi za serikali, tumekwisha taja ile ya mapato ya pango. Hutangazwa mwanzoni mwa mwaka, kabla ya Januari kwisha. Kodi ya ardhi hupangwa na baraza la wilaya. Tangu sheria ya mwaka 2023 ni kati ya faranga 0 na 80 kwa kila mita ya mraba. Nyumba moja ambayo mtu ameikusudia kuwa makao yake husamehewa kodi ya jengo, lakini ya pili haina msamaha huo. Anayejenga ya kupangisha akiwa na ya kukaa asisahau hilo.

FIMBO YA MBALI HAIUI NYOKA

Nyumba ya mbali ina maadui ambao nyumba ya karibu haina. Bomba linapasuka Jumatatu, wewe una zamu mpaka Jumamosi. Mpangaji anahama usiku. Bati linang'oka, na fundi anataja bei anayotaka kwa kuwa anajua huwezi kuja. Kwa sababu hiyo uchague mahali ambapo unaweza kwenda na kurudi katika siku yako moja ya mapumziko. Kutoka Gisenyi, Mahoko, Mukamira na Musanze zimo katika kipimo hicho. Nyagatare haimo, hata bei ikiwa nzuri namna gani.

Msimamizi ni wa lazima. Ndugu wa damu anafaa, lakini na awe na mkataba kama mtu mwingine. Wengi wametumia udugu badala ya daftari, wakapoteza vyote viwili. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni pango la kila mlango, tarehe ya kulipwa, na matengenezo yenye kiasi kisichozidi ambacho msimamizi anaweza kufanya bila kukuuliza. Pango lilipwe kwa simu moja kwa moja kwako, naye msimamizi alipwe na wewe. Fedha ikipita mkononi mwa mtu mwingine kila mwezi, siku moja atapatwa na msiba, atakopa humo, na ugomvi utaanza.

FEDHA ZITOKE WAPI?

Hapa tunasema wazi, kwa maana wapo wenzetu ambao mshahara wao wote wa miaka minne unakwenda kulipa deni. Nyumba yetu ya mfano inazaa 5 kwa mia. Ukikopa kwa riba ya 18 kwa mia ili kuijenga, kila mwaka mkopo unakula zaidi ya mara tatu ya kile nyumba inachozaa. Tofauti itatoka katika mshahara, na mshahara ni chakula cha watoto. Mkopo mdogo wa kumalizia paa, unaolipwa upesi, unaweza kuvumilika. Mkopo wa kununua kila kitu tangu kiwanja ni kamba shingoni. Sheria inakuruhusu kutoa riba ya benki ya ujenzi katika hesabu ya kodi ya mapato ya pango, lakini msamaha huo ni mdogo sana kuliko riba yenyewe.

Njia ya mfanyakazi ni ya hatua kwa hatua. Mwaka wa kwanza kiwanja na hati yake. Mwaka wa pili msingi wa mawe, choo na tangi la maji. Kisha mlango mmoja, upangishwe, na pango lake linunue mabati ya mlango wa pili. Haba na haba hujaza kibaba.

Njia nyingine ni ya pamoja. Ikimina cha watu kumi wanaoaminiana kinaweza kununua kile ambacho mmoja hakiwezi, na SACCO ya umurenge iko karibu na kila mmoja wetu. Lakini watu kumi kwenye kiwanja kimoja bila maandishi ni kesi kumi zinazongoja. Kama ni mali ya pamoja, kiundwe chama cha ushirika kilichoandikishwa, hati iwe kwa jina la ushirika, na tangu siku ya kwanza iandikwe: anayeacha kazi anapewa nini, anayekufa familia yake inapewa nini, na nani anaruhusiwa kuuza.

MPANGAJI NI MFANYAKAZI MWENZETU

Tumalizie kwa jambo ambalo dalali halimhusu, lakini sisi linatuhusu. Atakayelala katika vyumba hivyo ni mwalimu wa shule ya msingi, ni kijana wa kiwanda cha maziwa, ni mama anayechuma chai. Hatuwezi kudai mshahara wa haki asubuhi, na jioni kumtoza mwenzetu miezi sita mbele kwa chumba kisicho na choo. Mkataba wa maandishi, risiti kwa kila malipo, na taarifa kabla ya kupandisha pango: haya ndiyo tunayoyadai tukiwa wapangaji, basi tuyatoe tukiwa wenye nyumba. Tena yana faida. Anayetendewa haki hukaa miaka, na tumekwisha ona katika hesabu kwamba mwezi mtupu ndio hasara kubwa kuliko zote.

KATA UKURASA HUU, UENDE NAO KIWANJANI

1. Wanaopanga hapa wanaishi kwa kazi gani, na ni kazi za namna ngapi?
2. Mlango wa mwisho uliofunguka ulikaa siku ngapi bila mtu?
3. Baada ya kutoa miezi mitupu, matengenezo, msimamizi, nauli na kodi, nyumba inazaa ngapi kwa mia?
4. Kazi yangu ikilala, pango la hapa nalo litalala?
5. Maji ya Mei 2023 yalifika wapi? Kuta za majirani zina nyufa?
6. UPI ni ipi, na jina lililoandikwa ni la nani?
7. Mume na mke wote wako tayari kutia sahihi?
8. Mpango wa matumizi ya ardhi unaruhusu nyumba?
9. Naweza kwenda na kurudi katika siku moja ya mapumziko?
10. Nikikosa pango miezi mitatu mfululizo, watoto watakula?

Kama jibu la swali la kumi ni hapana, ngoja kwanza. Weka akiba mwaka mmoja zaidi. Viwanja vitakuwapo, lakini jasho lililopotea halirudi. Na mwenye mkataba asiouelewa aulete kwa mjumbe wa chama mahali pake pa kazi kabla ya kutia sahihi, tuusome pamoja naye.